Dakika Kumi za Jumapili

Ofisini, ghorofa ya saba
3 Machi

Baba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kabla hujaanza kulalamika kwamba mtoto wa siku hizi anaandika barua kama anaagiza vipuri.

Nimehamishwa dawati. Sasa nakaa chumba cha uangalizi, chenye viyoyozi viwili na skrini tisa, na moja kati ya hizo tisa ni ya jukwaa lenu la mafuta. Ndiyo, Baba, nakuona. Sikuoni wewe mwenyewe na ovaroli lako lenye grisi, naona mistari. Kila kihisi kilichobandikwa kwenye mashine zenu kinaleta mtetemo wake mpaka hapa, juu ya bahari yote hiyo, na mimi nautazama huku nakunywa chai. Zile pampu mbili zinazosukuma maji chini ya kisima ili mafuta yapande nimezipa rangi kwenye skrini yangu. Ya kwanza ni nyekundu, ya pili ni bluu.

Sasa hili libaki kwako. Kampuni yetu inataka kuwauzia wenye majukwaa vihisi hivi, kwa majukwaa yao yote kumi na moja, nao wamesema hawanunui kitu kwa maneno matamu. Kwa hiyo kuna majaribio ya miezi mitatu, na jukwaa lililochaguliwa ni lenu. Kila Jumamosi fundi atasikiliza mashine kwa njia zake na kujaza fomu. Vihisi vitaleta vyao kwangu, na mwisho tutalinganisha. Fundi na kihisi wakipishana katikati ya majaribio, neno la fundi ndilo linalofuatwa. Na fundi haruhusiwi kuambiwa vihisi vimesema nini, nimeshatia sahihi juu ya hilo. Bosi wangu wa mauzo ameanza kuulizia, "Huyo mzee wanayemwita Sikio ni nani hasa?" Nikainamia kikombe changu. Hajui kwamba ni baba yangu, na sijaona sababu ya kumwambia.

Mama anauliza kwa nini hupigi simu tena Jumapili. Hata mimi nauliza. Ni tangu mwezi wa tano mwaka jana. Ulivyonijibu siku ile ya mwisho simuni sijasahau, lakini hayo tuyaache.

Bintiyo,
Chiriku


Jukwaani
11 Machi

Chiriku,

Marahaba mara saba, moja kwa kila ghorofa uliyopanda.

Hivyo vitu vyenu huku tumeshavipa jina. Tunaviita kupe. Vidogo, vinene, vimeng'ang'ania ubavuni mwa mashine kwa sumaku, kazi yao kunyonya habari tu. Na hizo nyekundu na bluu zako zina majina yao tangu hujahamishwa dawati. Ya kwanza ni Mama Mkwe, maana haishi kunung'unika hata akihudumiwa vipi. Ya pili ni Bi Harusi, mpya, mkimya, kila mtu anamsifia. Ukiniandikia tumia majina hayo, hizo rangi zako zinanichanganya.

Kuhusu simu, mbona unalifanya jambo kubwa? Kila mtu huku ana dakika kumi za Jumapili, kwenye kibanda kando ya jiko. Zangu nimempa mpishi. Mke wake ni mjamzito na yeye hana raha mpaka asikie sauti yake. Isitoshe simu zote za huku zinarekodiwa, na neno la simuni likishapita limepita. Barua yako naisoma mara tatu, kisha naiweka chini ya mto. Mwambie mama yako hivyo, atanielewa.

Haya, turudi kwenye ugomvi wetu. Miaka thelathini na moja nasikiliza mashine, ncha ya bisibisi kwenye beringi, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Leo nashindanishwa na kupe! Nataka kujua jambo moja tu, kati yangu na wewe. Fomu yangu naijaza mapema, kabla boti ya Alhamisi haijaleta barua zenu, kwa hiyo huo si wizi. Niambie, kwenye mistari yako Mama Mkwe anaonekanaje? Nataka kuona kama mimi na kupe tunasikia mamoja.

Baba yako,
Sikio


Ofisini
17 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimeikunja na kuikunjua barua hii mara nne. Nilitia sahihi kwamba sitamwambia fundi. Lakini fundi mwenyewe si mtu baki, na kama fomu umekwisha kuijaza, sioni nani anaumia.

Basi: Mama Mkwe ananung'unika kweli. Beringi yake ya upande wa mota imeanza kuchoka, mstari wake unapanda kidogo kila siku, bado haujafika pa kutisha. Bi Harusi hana neno. Unaona? Mama Mkwe ndiye wa kuangaliwa.

Ukimaliza kusoma, ichane. Usiweke hii chini ya mto.

Nitasema ukweli, nimefurahi kwamba unauliza. Miaka yote umeniambia kazi yangu ni kutazama televisheni ya kampuni. Leo unataka kujua televisheni imesema nini. Nimejisikia mtu.

Bintiyo,
Chiriku


Jukwaani
25 Machi

Chiriku,

Tumelingana! Nilivyoandika mimi ndivyo walivyosema kupe, neno kwa neno. Msimamizi ameisoma fomu yangu mbele ya watu wakati wa chakula, akasema jamani huyu mzee apewe antena. Watu wakavunjika mbavu. Na mimi nilicheka.

Wiki hii imekuwa ndefu. Kulikuwa na zoezi la moto, king'ora kikalia, mimi nikafika kituoni wa mwisho kabisa. Nilikuwa nimelala usingizi wa pono, ndivyo nilivyomwambia msimamizi. Kisha muuguzi anatusumbua na vipimo vyake vya kila mwaka: macho, presha, masikio. Mimi nimemwambia nina mafua, aje nikipona. Mafua haya yataishi muda mrefu kidogo.

Jana na juzi tumepaka rangi chumba cha pampu. Ukuta mweupe, mashine kijani, mabomba manjano, utadhani shule ya chekechea. Kupe wako niliwabandua mwenyewe mmoja mmoja wasiharibike, na rangi ilipokauka nikawarudisha kwa mikono yangu. Wengine wameingiliwa na rangi mpaka namba zao hazisomeki, lakini wanafanya kazi, taa zao zinamulika. Usije ukasema Sikio hana heshima kwa watoto wako.

Niambie tena mistari inasemaje. Jumamosi hii hakuna fomu kwa ajili ya rangi, na ya Jumamosi ijayo nitaijaza kabla ya boti, usihofu. Na andika kwa herufi kubwa kidogo, macho nayo si ya jana.

Baba yako,
Sikio


Ofisini
31 Machi

Baba,

Shikamoo. Bosi wangu hana usingizi kwa sababu yako. Fomu zako zimelingana na vihisi kila wiki, na wenye majukwaa wameanza kumuuliza, kama tuna mzee anayesikia vyote hivi bure, sisi tununue kupe wa nini? Jana amepiga meza. "Huyo Sikio ni mtu au ni mchawi?" Nilijibana nisicheke, na nikaogopa pia. Nikikuandikia hivi kila wiki naharibu majaribio, Baba, hata kama fomu unaijaza kabla. Hii iwe ya mwisho.

Lakini ya wiki hii lazima nikuambie, maana ni ajabu. Mama Mkwe ametulia. Tangu siku ile mlipomaliza kupaka rangi, mstari wake umeshuka kama mtu aliyepewa alichokuwa anakidai. Labda ile kijani imemfaa. Anayelia sasa ni Bi Harusi, beringi upande wa mota, na anapanda kwa kasi. Nisingependa akae hivyo muda mrefu. Wewe umesikia hivyo hivyo? Nitaiona fomu yako Jumatatu, nina hamu.

Bintiyo,
Chiriku


Jukwaani
9 Aprili

Chiriku,

Kwa kifupi, boti inakaribia kung'oa nanga.

Nimesikia hivyo hivyo, na nimesikia kabla ya barua yako. Mama Mkwe kapona, Bi Harusi ndiye mgonjwa. Nimemwambia msimamizi tumfungue haraka. Vipuri vimefika, na kazi ni Jumatatu tarehe 13. Saa mbili kamili asubuhi tunamzima Bi Harusi, na mzigo wote wa wawili anaubeba Mama Mkwe peke yake siku nzima, labda siku mbili. Nitakuwa namsikiliza kwa karibu, nimewaahidi.

Usiwe na wasiwasi. Mwenye wasiwasi awe mimi.

Baba yako,
Sikio


Ofisini
13 Aprili, saa tatu na dakika kumi asubuhi

Baba,

Sijui kama utaisoma barua hii. Nimeambiwa nisikate simu, nisiseme, nisubiri, na mikono yangu haijui kusubiri. Naandika nyuma ya fomu zako.

Saa mbili kamili mlimzima Bi Harusi kama ulivyoniandikia. Nilikaa nikitazama mstari wa bluu ulale. Haukulala. Uliolala ni mwekundu, wa Mama Mkwe. Wa bluu ukaanza kupanda, ukapanda tena. Nilidhani nimefungua skrini ya jukwaa jingine. Nikazima, nikawasha. Hivyo hivyo. Mashine iliyozimwa haitetemeki, Baba. Mstari wa bluu ni wa mashine inayofanya kazi, na inayofanya kazi ni Mama Mkwe.

Hapo ndipo nikakumbuka rangi. Uliwabandua mwenyewe ukawarudisha mwenyewe, na namba hazisomeki. Kupe wa Mama Mkwe umembandika kwa Bi Harusi, na wa Bi Harusi kwa Mama Mkwe. Hakuna aliyepona, na hakuna aliyeugua. Ni yule yule Mama Mkwe tangu mwanzo, beringi ile ile, na sasa mmempa mzigo wa wawili. Mstari umeshavuka pale tulipochora alama ya hatari.

Nimepiga simu chumba cha udhibiti. Mtu wenu wa zamu akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akasema, "Dada, Sikio amemsikiliza Mama Mkwe saa moja asubuhi, ametia sahihi kwamba yuko salama. Ninyi ni wauzaji. Neno la fundi ndilo linalofuatwa, si ndivyo mlivyokubaliana?"

Nikafungua fomu zako mbili za mwisho nimsomee, nimwonyeshe kwamba hata wewe una shaka. Huna shaka. Umeandika, kwa mwandiko wako mzuri, "Mama Mkwe ametulia. Bi Harusi analia beringi upande wa mota." Maneno yangu. Kosa langu. Kupe anaweza kubandikwa pasipo pake, lakini wewe ulisimama mbele ya mashine yenyewe na bisibisi kichwani. Kama ungesikia chochote ungesikia nani anayelia.

Nilikaa na simu mkononi, Baba, na vitu vikaanza kuja vyenyewe. King'ora cha moto. Mafua ya muuguzi. Likizo iliyopita ulivyokuwa ukitutazama mdomoni tukizungumza, ukichelewa kucheka kidogo kuliko sisi. Dakika kumi za mpishi. Nilivyojisifu moyoni kwamba baba yangu anapenda barua zangu.

Mtu wa zamu akasema, "Haloo? Bado upo?"

Nikasema, na najua simu hii inarekodiwa, nikasema, "Huyo fundi hasikii. Ni baba yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia vihisi vinasema nini."

Kisha akaniambia subiri. Kuzima pampu pekee iliyobaki ni kuzima kisima kizima, na ruhusa ni ya msimamizi tu. Wanamtafuta msimamizi. Na wewe wanakuita kwa kipaza sauti, nasikia kwenye simu, "Sikio, chumba cha udhibiti. Sikio, chumba cha udhibiti." Mara nne sasa. Mara tano. Kuna mtu anasema nyuma yake, umeonekana ukishuka kwa Mama Mkwe.

Najua umesimamaje. Umeinamisha kichwa, umekiegemeza kwenye bisibisi, na bisibisi imeegemea pale pale panapotaka kupasuka. Umefumba macho ili watu wadhani unasikiliza.

Saa tatu na dakika kumi na tisa. Mstari umefika juu ya skrini, hauna pa kwenda tena.

Ondoka hapo, Baba. Ondoka hapo.

Dakika ishirini na mbili. Imelala. Mistari yote miwili imelala na simu imekatika. Mashine iliyozimwa na mashine iliyopasuka zote hulala hivi hivi huku kwangu, na mimi sijui hii ni ipi.


Jikoni, jukwaani
15 Aprili

Dada Chiriku,

Hunijui. Mimi ni mpishi wa huku. Nimeona jina lako nyuma ya bahasha za mzee, nikaona si vizuri ukae bila habari, maana nasikia ofisini mtakuwa mnapewa ripoti tu.

Mzee yuko hai. Naanza na hilo.

Mimi ndiye niliyemwona akishuka. Msimamizi alipoambiwa, hakusubiri kutafuta mtu wa kumtuma, alikwenda mwenyewe mbio, mtu mnene vile sijapata kumwona akikimbia. Alimkuta mzee ameinama kwenye ile pampu. Alimwita akiwa nyuma yake, karibu kama mimi na sufuria langu, mzee hakugeuka. Akamkamata kola ya ovaroli akamvuta. Mzee akadhani anashambuliwa, akampiga kiwiko cha mdomo, na meno mawili ya mbele ya msimamizi yameondoka. Wakaburuzana hivyo hivyo mpaka kwenye ngazi. Walipofika ngazi ya tatu ndipo kile kitu kilipopasuka, jukwaa zima likatikisika, masufuria yangu yakamwagika yote. Mafuta ya mashine, ya moto, yamemwunguza mzee mkono wa kulia na shingo. Hakuna mwingine aliyeumia, ukiacha yale meno.

Amechukuliwa na helikopta mchana ule ule. Kabla hajapanda nilimwuliza, kwa kumwandikia kwenye boksi la mayai, nimwambie nini binti yake. Alilisoma, akalisukuma kando. Usimchukulie vibaya, alikuwa na maumivu.

Jambo jingine, dada. Mtu akipata nafasi ya kushukuru ashukuru. Mtoto wetu alizaliwa mwezi wa nane mwaka jana, sasa anatambaa na anaiita simu baba. Alipozaliwa nilimrudishia mzee dakika zake. Akazikataa. Akaniambia, "Zungumza na mwanao wakati anakusikia." Sikuelewa kwa nini alisema hivyo.

Mpishi


Nyumbani kwangu
4 Mei

Baba,

Shikamoo.

Nilikuja hospitali tarehe 20. Ulifumba macho tangu nilipoingia mpaka nilipotoka. Muuguzi alisema umelala. Nilikaa nikizungumza nawe saa nzima, na vidole vyako vilikuwa vimeshika shuka kama mtu aliye macho. Mama ameniambia sasa umerudi nyumbani, na kwamba huongei nami wala huniongelei.

Kazini wamenifukuza. Ni haki yao. Ile simu niliyopiga ilisikilizwa mbele ya watu kumi na wawili, na mimi nikiwa nimekaa katikati yao. Nilijisikia nikisema "huyo fundi hasikii", mara mbili, maana mtu mmoja aliomba irudiwe. Majaribio yamefutwa yote, na unajua kilichofuata? Wenye majukwaa wamenunua. Majukwaa yote kumi na moja. Wametaka tu kila kupe afungwe kwa bolti na namba yake ichongwe kwenye chuma, asiweze kuhama. Bosi wangu alikuwa akitabasamu alipokuwa akinipa barua ya kufukuzwa, maskini, alijitahidi asitabasamu akashindwa.

Hayo hayaniumizi sana. Kinachoniumiza ni kwamba miaka thelathini na moja watu walikuita Sikio, na mimi nimelifuta jina hilo kwa sentensi moja, mbele ya mtu wa zamu ambaye hata sura yake siijui. Ningeweza kusema kitu kingine. Kila siku natafuta hicho kitu kingine, sijakipata. Sijui kama nilikuokoa au nilikuuza. Nimekutia aibu, Baba, na naogopa kwamba hutanisamehe, na hata ukinisamehe utafanya hivyo kwa ajili ya Mama.

Kama ni kunigombeza, nigombeze. Kunyamaza kwako siwezi.

Bintiyo,
Chiriku


Nyumbani
19 Mei

Chiriku,

Mkono umepona kiasi cha kushika kalamu, kwa hiyo kisingizio kimekwisha.

Hospitali sikuwa nimelala, uliona sawa. Nilifumba macho kwa sababu midomo yako ilikuwa inakwenda na mimi nilikuwa sipati hata neno. Nikifumbua itabidi niitikie "ndiyo". Nimeitikia ndiyo nyingi mno miaka hii miwili.

Kwanza iliondoka sauti ya birika. Mama yako akawa anauliza mbona nayaacha maji yakauke. Zikafuata sauti za wanawake na za watoto. Beringi zikawa za mwisho. Siku moja niliweka bisibisi nikakuta kimya, nikafurahi, nikadhani mashine imepona. Nikaenda ya pili, kimya. Nikaenda kwenye mota, kwenye kompresa, mpaka kwenye friji ya mpishi. Kote kimya. Nilikaa chini pale pale kwenye bati. Mtu anayeitwa Sikio, Chiriku, anakwenda kumwambia nani? Muuguzi angenishusha siku hiyo hiyo. Nikabaki na mkono, nikawa nazishika mashine kiganja wazi nikijifanya nazipima joto. Na barua zako.

Fomu za mwanzo nilizijaza kwa mazoea, na tangu uanze kuniambia sikuijaza hata moja kabla ya barua yako kufika. Nilikudanganya, na nilikudanganya nikijua kwamba unafurahi. Na nikuambie jingine. Wiki ile baada ya rangi, mkono wangu uliniambia Mama Mkwe hajapona. Barua yako ikasema kapona. Nikaamini barua, nikautia mkono mfukoni. Kwa hiyo hilo la kosa lako liondoe kichwani. Kupe nilibandika mimi.

Msimamizi alikuja juzi kuniona, ana meno mapya meupe kuliko ya zamani, akaniandikia kwamba nimemfanyia hisani. Kile kifuniko cha chuma kilichoruka kimezama ukutani, mpaka leo hakijang'olewa, wamekizungushia alama nyekundu. Nikamwuliza kiko juu kiasi gani. Akasimama, akaniwekea kidole hapa, juu kidogo ya sikio la kulia. Unauliza kama uliniokoa au uliniuza. Ungeninyamazia ningezikwa na jina langu zuri. Nilikuwa na hasira nawe wiki mbili, siwezi kukuficha, kisha zikaisha zenyewe nilipoona mama yako anavyonitazama nikila.

Sasa yale uliyosema tuyaache. Mimi siyaachi.

Mwezi wa tano mwaka jana nilikupigia. Nilisikia sauti tu, kama mtu anazungumza ndani ya pipa. Ulikuwa unakwenda haraka, na arusi yako ilikuwa imekaribia, nikadhani ni furaha. Nikasema, nakumbuka kila neno, "Vizuri sana, mwanangu. Mshukuru Mungu. Endelea hivyo hivyo." Ukakata. Nikatoka kibandani nimeridhika kwamba nimeweza.

Nilipokuja likizo mama yako akanieleza ulichokuwa umeniambia. Kwamba yule bwana ameivunja posa zikiwa zimebaki wiki tatu, na kwamba ulikuwa unalia. Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji mpaka nilipoweza kurudi ndani. Ulikuwa sebuleni. Ningeweza kuja kukuambia. Lakini kukuambia ilikuwa ni kukiri kwamba sikusikia, nikaona heri uniweke kwenye akili yako kama baba asiye na huruma kuliko baba asiyesikia. Jumapili iliyofuata nikazigawa dakika zangu, na nikakuacha na hilo mwaka mzima. Hiyo ndiyo aibu yangu. Ile ya simu uliyopiga wewe si aibu.

Jibu lako hili hapa. Pole, mama. Pole sana, mwanangu. Hakukustahili, na mimi nilipaswa kuwa wa kwanza kukuambia hivyo.

Kazi huna, mimi nami sina, njoo basi nyumbani. Njoo na karatasi za kutosha, una mengi ya kuniambia na mimi siku hizi nasoma tu. Ukifika usibishe hodi wala usiite, sitasikia. Mlango nitauacha wazi, na kiti changu nimekwisha kukigeuza kiutazame.

Baba yako